Miluzi ya Idi Pili

Mwezi uliopita, kwenye sherehe ya kumuaga binti wa jirani yangu hapa Shinyanga, spika zilizima ghafla katikati ya wimbo na watu wakaanza kupiga miluzi. Wenzangu wa meza walicheka. Mimi nilishika kitambaa cha meza kwa mikono miwili, halafu nikatoka nje, nikasimama karibu na majiko ya pilau mpaka muziki uliporudi. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, muuguzi ninayechoma watu sindano kila siku bila mkono kutetemeka. Lakini ule mluzi mrefu wa vidole viwili mdomoni niliusikia zamani, nikiwa na miaka tisa, na siku hiyo niliupenda kuliko sauti yoyote duniani.

Baba yangu alikuwa DJ. Nalisema hili kwanza kwa sababu wengi waliomfahamu miaka yake ya mwisho walimjua kama mtu wa karasha la kusaga mawe, yule mwembamba anayekohoa, na hata siku ya mazishi shehe alimtaja kama mchapakazi wa machimboni. Alizaliwa Shinyanga mjini, kwenye nyumba ya babu aliyetoka Ujiji akafungua duka la vitambaa jirani na maduka ya Wahindi. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini, laini, na akishika maiki alikilainisha zaidi. Muziki alijifunza kwenye ukumbi mmoja wa hapa mjini ambao baadaye uligeuzwa ghala la mchele. Ukumbi ulipokufa aliwafuata watu wenye mishahara, tukahamia Bugarama, penye mgodi wa dhahabu, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Mama ni Msukuma wa Mwakitolyo. Yeye alipata kazi ya usafi kwenye makazi ya wafanyakazi wa mgodini; alitoka alfajiri, akarudi jioni akinuka dawa ya sakafu.

Vyombo vya baba vilichukua nusu ya chumba chetu. Mashine mbili za CD, miksa iliyokwisha kufutika maandishi, amplifaya ambayo ikipata moto ilitoa harufu ya vumbi linaloungua, na spika mbili ambazo mchana mama alizifunika khanga na kuweka juu yake vikombe vya wageni. Sisi tuliokua enzi za CD za kuchoma tunakumbuka zilivyokuwa zinakwaruzika na kurukaruka. Baba alizipaka dawa ya meno, akazisugua kwa kitambaa cha pamba kutoka katikati kwenda nje, kisha akazisuuza kwenye beseni na kunipa mimi nizianike juu ya kitanda. Sponji ya hedifoni upande mmoja ilipooza, mama alikata sidiria yake ya zamani akaishona pale. Aliishona huku akicheka mpaka machozi. Nataka mjue kwamba kuna wakati mama alicheka na sisi.

Kazi ya baba ilikuwa ndogondogo: disko toto sikukuu, mahafali ya shule ya msingi, harusi za watu wasioweza kumleta DJ wa Kahama. Ukumbi wa maana ulikuwa mmoja tu, wa Mzee Masele, mnunuzi wa dhahabu ambaye kwa ukoo mama alimwita mjomba. DJ wake alipoondoka kwenda Mwanza, mama alikwenda kwa Mzee Masele mara tatu. Alipiga magoti kama wanawake wa kwao wanavyoamkia wakubwa, akamwombea mume wake nafasi. Mara ya tatu yule mzee akakubali. Idi Pili, disko toto likiisha alasiri, baba aendelee kupiga kwa ajili ya wakubwa mpaka magharibi. Watu wakiridhika, ukumbi utakuwa wake, pamoja na vyumba viwili vya nyuma vyenye maji ya bomba ndani. Mama alianza kuvipanga vile vyumba kichwani hata kabla ya mfungo kufika. Aliniambia kitanda changu kitakaa wapi.

Sasa huo wimbo. Mgeni mmoja wa mgodini alimaliza mkataba akarudi kwao, akamwachia mama boksi la vitu alivyoshindwa kubeba: chupa ya chai, viatu vya mpira, taa ya mezani, na CD moja isiyo na jalada wala jina. Baba alipoiweka mara ya kwanza alidhani mashine imeharibika. Ilianza na kelele nyembamba, kama redio iliyokosa stesheni. Kisha ukaja mdundo wa chini, mzito, wa taratibu mno, na baada ya muda matone, kama maji yanayodondokea kwenye mtungi, na nyuma yake kinanda cha umeme kilichovuta pumzi ndefu na kuiachia. Hapakuwa na mwimbaji. Hapakuwa na gitaa. Ulikwenda hivyo hivyo kwa dakika nane, bila haraka ya kufika popote.

Mimi niliuogopa. Kwa kuwa ulitoka mgodini, niliamini kwamba kuna mtu aliyeurekodi kule chini ya ardhi. Matone yalikuwa ni maji yanayotoka kwenye miamba, mdundo ulikuwa ni baruti zinazolipuliwa mbali, na ile pumzi ilikuwa ya watu waliolala humo ndani. Sikumwambia baba. Yeye alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, macho ameyafumba, na uso wake ulikuwa na utulivu ambao sikuwahi kuuona akisikiliza nyimbo za kuchezeka.

Mwezi mzima wa Ramadhani aliufanyia kazi. Mchana hakuwasha spika, kwa heshima ya mfungo na ya majirani, kwa hiyo tulisikiliza kwa hedifoni, sikio moja lake na sikio moja langu, vichwa vimegusana. Mdomo wake ulinuka saumu. Alikuwa amegundua kitu, akanieleza kama vile mimi ni DJ mwenzake: mpigo mmoja wa ule wimbo wa taratibu uliingia sawasawa ndani ya mipigo miwili ya wimbo fulani wa kuchezeka uliokuwa ukivuma mwaka ule. Ukiupunguza ule wa haraka kidogo kwa kitufe cha mwendo, unaweza kuulaza ule wa taratibu chini yake na asijue mtu. Watu wanaendelea kucheza. Unautoa ule wa juu kidogokidogo, kwanza besi, halafu ngoma, halafu sauti, na wanapokuja kushtuka tayari wako ndani ya wimbo mwingine. Alinifundisha kuhesabu. Moja, mbili, tatu, nne, nikimgonga gotini kwa kidole, na kwenye moja alisukuma kitufe. Siku za kwanza mipigo iligongana kama watu wawili wanaotaka kupita mlango mmoja. Katika kumi la mwisho la mfungo ilipita pamoja.

Nilivumilia woga wangu kwa ajili ya lile sikio moja. Hakuna kitu kingine nilichokuwa nacho na baba peke yetu. Na katika mwezi ule wote nilimwomba jambo moja tu. Nilimwomba siku hiyo anitaje jina kwenye maiki, kama alivyokuwa akiwataja watoto wa matajiri kwenye disko toto. Alicheka, akasema nitakutaja, mama, mpaka wakusikie Kakola.

Mama alijua baba anachofanya. Chumba ni kimoja, utaficha nini. Usiku wa kuamkia Idi, akichambua mchele wa pilau, alimwambia kwa sauti ya chini kwamba wale ni wachimbaji, wametoka mashimoni, wanataka kuruka. Ule wimbo auache nyumbani. Baba akamjibu kwamba amesikia. Mama akaliona hilo kuwa ni jibu.

Disko toto lilikwenda vizuri. Nilivaa gauni la manjano lenye mkanda nyuma, nikacheza mpaka kola ikalowa. Alasiri watoto tulitolewa, lakini mimi nilibaki, nikakaa kwenye kreti la soda kando ya meza ya baba. Wakubwa wakaanza kuingia. Vijana wa mashimoni walikuja wamenyoa, wamevaa mashati mapya ambayo mikunjo ya dukani haijafunguka, wengine na wachumba wao. Mzee Masele alikaa mbele na wenzake wa biashara. Mama alisimama mlangoni na kina mama wengine, amejifunga kitenge kipya, na nilimwona anahesabu watu kwa macho.

Kwa saa nzima baba alikuwa bora kuliko nilivyowahi kumwona. Ukumbi ulikuwa unaruka. Mzee Masele alikuwa anagonga meza kwa kidole chenye pete, na mama mlangoni alikuwa ameanza kutikisa mabega. Kisha baba akaufikia ule wimbo uliokuwa ukivuma, na nikaona mkono wake unakwenda kwenye mfuko wa shati, unaitoa ile CD isiyo na jina. Akaniangalia. Akashika maiki, akasema kwa kile Kiswahili chake cha mjini, "Huu unaokuja ni wa binti yangu, Mwajuma. Msikilizeni."

Jina langu lilitoka kwenye spika nne, zetu mbili na mbili za ukumbi, kwa mara moja. Nilisimama juu ya kreti ili nionekane.

Na aliweza. Hilo nitalisema hata leo, pamoja na yote. Aliulaza wimbo chini ya wimbo na hakuna aliyejua. Nilihesabu kwenye goti langu mwenyewe, na kwenye moja ulikuwa ndani. Akatoa besi ya juu, akatoa ngoma. Watu bado wanacheza. Akaitoa sauti ya mwimbaji taratibu, kama mtu anayemvua mtoto shati akiwa usingizini, na ukumbi mzima ukabaki umesimama juu ya matone na ile pumzi ndefu. Kwa muda kidogo walitikisika hivyo hivyo, miguu ikitafuta kitu kilichokuwepo sasa hivi. Kisha wakasimama. Wakatazamana.

Mluzi wa kwanza ulitoka nyuma, mrefu, wa vidole. Ukafuatwa na mwingine, na mwingine, mpaka ikawa miluzi mitupu. Sikuwahi kusikia watu wakipiga miluzi namna ile ila kwenye mpira, timu inapofunga goli. Nikaangalia huku na huku nikicheka. Wakaanza kurusha chupa za maji, zile za plastiki. Kwenye harusi nilishaona watu wanawarushia maharusi maua na pipi, kwa hiyo niliteremka kwenye kreti nikaanza kuziokota. Niliziweka kwenye upindo wa gauni la manjano, moja moja, na nyingine zilikuwa bado na maji. Watu walicheka, wengine wakarusha karibu yangu zaidi ili niendelee. Niliwapungia mkono.

Nilipoinuka, Mzee Masele alikuwa amefika mezani, mkono wake begani kwa baba, anamwambia kitu sikioni. Nilifurahi kuona wanapatana. Kijana mmoja akaja akatoa CD yetu, akaweka nyingine, na watu wakapiga kelele za furaha. Baba akaanza kukusanya CD zake, akiziweka kwenye begi bila kuzipanga. Mama hakuwepo tena mlangoni.

Tulirudi kwa miguu kabla jua halijazama, yeye na begi, mimi na chupa zangu. Nilimuuliza, "Tumeshinda?"

Alihamishia begi bega la pili. "Tumeshinda, mama," akasema.

Baada ya hapo hakupiga tena. Mimi nilielezwa kwamba amepata kazi kubwa zaidi, kwenye karasha, ile mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu, na niliamini, kwa sababu karasha lilisikika mtaa mzima kuliko spika zozote. Alirudi jioni mweupe kama mtu wa mashine ya unga, nyusi nyeupe, kope nyeupe, na akijipiga shati vumbi lilisimama mlangoni. Nilimwandikia jina langu mgongoni kwa kidole. Vumbi hilohilo lilikuwa likiingia ndani yake kila siku, na hapakuwa na aliyemfunga hata kitambaa puani.

Mama alibadilika kwangu. Sikuelewa kwa nini. Alinilisha, alinisuka, alinifulia sare, lakini alifanya yote kama kazi ya kule mgodini, bila neno. Akitaka kuniita alisema wewe mtoto wa baba yako. Nilidhani amechoka. Nilidhani vilevile kwamba anamwonea baba wivu kwa ushindi wake, kwa hiyo nikawa nausimulia zaidi. Niliusimulia madrasa, nikausimulia shuleni, na siku ya akika ya mdogo wangu nikausimulia mbele ya wageni wote, namna watu walivyopiga miluzi na kurusha zawadi. Baba alikuwepo. Aliinamia sahani yake, akatabasamu. Mama alinyanyuka kutoka upande wa pili wa mkeka akaja akanizaba kibao, akasema "Lekaga!" kwa sauti iliyowanyamazisha wageni, akarudi kukaa. Ndiyo Kisukuma cha kuacha. Hakuwahi kunipiga kabla, na hakunipiga tena.

Maana ya miluzi niliijua kidato cha pili, shule ya bweni hapa Shinyanga. Msichana mmoja alipanda jukwaani kuimba, akakosea, na ukumbi ukamzomea kwa miluzi na chupa. Mwenzangu wa Bugarama alikuwa amekaa ubavuni kwangu. Aliniangalia, kisha akaangalia pembeni haraka, na nikaelewa kila kitu kwa mara moja, mpaka kwenye zile chupa katika upindo wa gauni. Nililia bwenini kwa aibu, lakini zaidi nililia kwa kumpenda baba. Niliona amebeba jambo lile peke yake miaka yote ili mimi nibaki na ushindi wangu. Na mama nilimwona mwanamke anayemwonea aibu mume wake. Nikachagua upande. Nilichagua kimyakimya, kama watoto wakubwa wanavyofanya, na nikakaa upande huo zaidi ya miaka kumi na tano.

Kifua cha baba kilipozidi, nilimchukua nikakaa naye hapa kwangu. Nilimgeuza, nilimwogesha, nilimshikia beseni. Niliwaonyesha madaktari picha za mapafu yake ambazo tayari nilijua kuzisoma. Nilikuwa na nafasi elfu moja za kumuuliza kuhusu Idi Pili, na kila mara niliona ni kumtonesha. Naye alikuwa na nafasi elfu moja. Alizungumza habari za Ujiji ya babu, habari za mpira, habari za kila kitu. Alifariki asubuhi, kwenye mikono yangu, mama akiwa njiani anakuja.

Mama alikalia eda nyumbani kwangu. Siku ya nane au ya tisa nilimpelekea uji chumbani, nikamkuta amekaa kwenye godoro, mtandio mweupe kichwani. Aliniambia nikae. Alikuwa amezeeka kwa wiki ile moja. Akasema kwamba mtu akizika anaona mambo, na kwamba hataki kufa na kinyongo juu ya mtoto wake wa kumzaa.

"Nimekusamehe," akasema.

Nilimuuliza kwa upole amenisamehe nini.

"Ule wimbo," akasema. Alidhani najua. Akanieleza, akitazama ukuta, kwamba jioni ile baba alipoingia ndani alimuuliza kwa nini, baada ya kumkataza, baada ya yeye kumpigia mtu magoti mara tatu, kwa nini. Na baba akajibu kwamba ni Mwajuma aliyeng'ang'ania. Mtoto aliulilia ule wimbo mwezi mzima, akasema, ningemkatalia vipi siku ya sikukuu. Na mbele ya watu si alitangaza mwenyewe kwenye maiki ni wa nani? Mama akasema kila alipokuwa akifua zile nguo za karasha, kila alipokisikia kile kikohozi usiku, aliniona mimi nimesimama juu ya kreti. Alijua ni dhambi kumwekea kinyongo mtoto wa miaka tisa. Alishindwa.

Nilikaa na kibakuli cha uji mapajani. Niliwaza nilivyokuwa nikiuogopa ule wimbo, nilivyokuwa nimekaza meno, hedifoni kwenye sikio langu moja. Niliwaza mtu mzima wa miaka arobaini aliyetaka kitu chake kwa moyo wote, akakosa ujasiri wa kusema ni changu, akakiandika kwa jina la mtoto. Labda aliona ni jambo dogo, la kumaliza ugomvi wa jioni moja. Labda alikusudia kulirekebisha kesho yake, halafu keshokutwa. Aliniona nikikua bila mama ndani ya chumba kimoja na mama, na alikuwa akitabasamu kwenye sahani yake. Nimejaribu kumtafutia neno jingine la kumwita zaidi ya mwoga, na sijalipata.

"Mama," nikasema, "mimi sikumwomba ule wimbo. Nilimwomba anitaje jina tu."

Mikono yake ilishika ncha za mtandio. Nilimwona anaamini, ilimpita usoni waziwazi, na baada yake ukaja woga.

"Niko kwenye eda ya huyo mtu," akasema. "Usiniambie."

Nilinyanyuka nikatoka na uji wake. Eda iliisha, akaoga, akavaa gauni la rangi, nikamsindikiza stendi akapanda basi la asubuhi la Bugarama. Hajaniuliza tena. Mdogo wangu anasema siku hizi mama ana furaha, anawaambia majirani, "Yule binti yangu wa Shinyanga tumeshapatana, nimemsamehe yote."